UUNGWANA WA HATI NA UUNGWANA WA VITENDO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika lugha yetu limo neno moja ambalo ukilizingatia litakufunza mengi. Neno lenyewe ni "muungwana". Waulize wazee wa Lamu, wa Mombasa, wa Pangani au wa Unguja maana yake, watakupa maana mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: muungwana ni mtu huru, asiyemilikiwa na mtu. Ya pili ni ya tabia: muungwana ni mtu mwenye adabu, mtimiza ahadi, asiyemvunjia mwenziwe heshima. Ile ya kwanza ilithibitishwa kwa nasaba au kwa hati. Hii ya pili haina hati. Ndiyo maana wahenga wetu wakasema kwamba uungwana ni vitendo.

Sasa tujiulize. Je, yawezekana mtu awe muungwana kwa ile maana ya kwanza, asiwe muungwana kwa hii ya pili? Yawezekana awe na haki mbele ya kadhi, na papo hapo awe na hatia mbele ya Mola wake? Historia ya pwani yetu inalo jibu la swali hili. Jibu lenyewe si tamu, lakini dawa chungu ndiyo iponyayo.

KADHI HUHUKUMU YA DHAHIRI

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa tukumbushane msingi. Wanavyuoni wa fiqhi wameyagawa matendo ya mwanadamu mafungu matano: wajibu, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Wengi wetu twayajua mafungu haya kwa ndimi tangu chuoni, lakini tunapoishi twayafanya mawili tu: haramu na halali. Likishakuwa si haramu, basi mtu hujiona ameshinda. Husahau kwamba lililoruhusiwa si lazima liwe lililosifiwa. Talaka imeruhusiwa, nani aliyesema kwamba imesifiwa? Kudai deni siku ile ile ya muda wake ni haki yako. Lakini mdeni akiwa na dhiki, Qurani katika Sura ya Al-Baqara imetuagiza tumngoje, na ikatwambia kwamba kumsamehe ni bora zaidi.

Kadhalika katika Sura ya An-Nahl, Mwenyezi Mungu ameamrisha mambo mawili pamoja, uadilifu na ihsani. Uadilifu ni kumpa kila mtu haki yake, na hapo ndipo kazi ya sheria ilipo. Ihsani ni kupita hapo, nayo ni kazi ya moyo. Lau uadilifu peke yake ungetosha, ihsani isingetajwa.

Tena iko Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Umm Salama (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaeleza watu kwamba yeye ni mwanadamu, nao humletea kesi zao, na huenda mmoja akawa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenziwe. Basi akimhukumia mtu haki ya nduguye, mtu yule asiichukue, kwani atakuwa amekatiwa kipande cha Moto. Tazama, ewe msomaji! Hakimu ni Mtume mwenyewe, hukumu imetoka, na hata hivyo aliyeshinda kwa ulimi anaonywa asichukue alichoshindia. Hukumu ya dhahiri haiisafishi dhamiri yenye uchafu.

MLANGO MWEMBAMBA NA UKUTA ULIOBOMOLEWA

Basi tuje kwenye utumwa. Uislamu uliukuta utumwa ulimwenguni kote, kwa Warumi, kwa Waajemi na kwa Waarabu wenyewe. Haukuutangua kwa siku moja. Lakini uliyafanya mambo mawili makubwa.

Kwanza, uliufanya mlango wa kuingilia utumwani kuwa mwembamba. Asili ya mwanadamu katika fiqhi ni uhuru. Mafakihi hawakukubali sababu ya kumtia mtu huru utumwani isipokuwa moja: kutekwa katika vita halali vilivyotangazwa na kiongozi wa Waislamu dhidi ya makafiri wapiganao. Kumwiba mtu, kumnunua mwana kwa mzazi mwenye njaa, kumchukua mtu kwa deni, yote hayo hayafai. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake.

Pili, uliufanya mlango wa kutokea kuwa mpana. Kafara ya kuua kwa makosa, kafara ya dhihari, kafara ya yamini: zote zimetajwa ndani yake kumwacha huru mtumwa. Fungu moja katika mafungu manane ya Zaka limewekwa kwa ajili ya kuzikomboa shingo. Sura ya An-Nur imewaagiza mabwana wawaandikie mapatano ya kujikomboa wale wayatakao, na wawape katika mali. Na Sura ya Al-Balad, ilipokitaja kile kilima kigumu cha kupandwa na mwenye imani, ilianza na kumkomboa mtumwa.

Sasa itazame pwani yetu ya karne ya kumi na tisa. Mikarafuu ilikuwa imeenea Unguja na Pemba, na mashamba ya nafaka yamepanuka Malindi na Mombasa. Wafaransa walikuwa wamekwisha anza kuchukua watu kutoka Kilwa kwa mashamba yao ya visiwani. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliafikiana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Kufikia miaka ya 1860, wanahistoria wanakadiria kwamba karibu ya watu 20,000 kwa mwaka walikuwa wakipitishwa soko la Unguja, na kwa kila kichwa forodha ilitoza ushuru.

Nakuuliza, ndugu msomaji: watu hawa walitekwa katika jihadi gani? Imamu gani aliitangaza vita dhidi ya wakulima wa pande za Ziwa Nyasa? Walivamiwa usiku, au waliuzwa na machifu wao kwa nguo na bunduki, au njaa iliwasukuma. Wakafungwa kongwa shingoni, wakatembezwa majuma mengi hadi Kilwa au Bagamoyo, na walioshindwa kwenda waliachwa njiani. Basi tusidanganyane. Si kwamba watu wale waliishika sheria wakaiacha tabia njema tu. Hata ile sheria yenyewe waliipita, kisha wakajifunika kwa jina lake. Mtu akinunua sokoni alijiambia kwamba yeye hakuteka, amenunua tu. Na aliyemuuzia alijiambia vivyo hivyo.

Wako wasemao kwamba utumwa wa kwetu ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Marekani. Katika hayo uko ukweli, na haki ni kuusema. Mwana wa suria alizaliwa huru na akarithi kwa babake sawa na nduguze. Sayyid Barghash mwenyewe, aliyetawala Unguja, mamake alikuwa suria wa Kihabeshi. Wengi waliachwa huru kwa wasia, kwa kutaka thawabu. Watumwa wa mjini walijitafutia kazi za ujira, na neno letu "kibarua" limetokana na kile kijibarua alichopewa mtumwa wa kukodishwa. Yote kweli. Lakini wepesi huo alioujua aliyekaa nyumbani mjini hakuujua aliyekuwa akilima shamba la mikarafuu, wala hakuujua yule mama aliyenyang'anywa mwanawe njiani. Na wepesi wa mzigo haumwondolei lawama aliyekutwisha bila ya haki.

HATI BAADA YA HATI

Ulipofika wakati wa kuukomesha, amri ilitoka mikononi mwa wageni. Yatupasa tuijue historia hii kwa tarehe zake.

Mwaka 1822 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza, wa kukataza kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 akatia saini mwingine mbele ya Hamerton, wa kukataza kuwatoa watumwa nje ya miliki yake ya Afrika ya Mashariki. Ulianza kutumika 1847. Lakini kati ya Kilwa na Lamu biashara iliendelea kama kawaida.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliivunja mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata akaja Sir Bartle Frere kumtaka Sayyid Barghash aifunge biashara ya baharini. Sayyid alikataa. Ndipo Balozi John Kirk akamwarifu kwamba manowari zitakizuia kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid alitia saini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mahali pale wamisionari wakajenga kanisa lao kuu. Mwaka 1876 Sayyid alipiga marufuku misafara ya watumwa ya bara. Tarehe 1 Agosti 1890 Sayyid Ali bin Said alikataza kila namna ya kuuza na kununua watu. Kisha tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed akatoa amri kwamba mahakama hazitamtambua tena mtu kuwa ni mali ya mtu. Katika mwambao wa Kenya hali hiyo ilifutwa mwaka 1907. Tanganyika, Wajerumani waliamuru kwamba watoto wazaliwao kuanzia mwaka 1906 wawe huru, na Waingereza ndio waliomaliza mwaka 1922.

Jambo moja katika amri ile ya 1897 litutie haya. Utangulizi wake ulikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) amelisifu jambo la kuwaacha watumwa huru, na kwamba Sultani ataka kuyafuata mafundisho yake. Maneno ni ya haki kabisa. Lakini kwa nini ukumbusho huu uliandikwa baada ya miaka sabini na mitano ya mikataba na manowari? Qurani haikuletwa na manowari. Ilikuwa ikisomwa majumbani mwetu kila alfajiri.

SHERIA YA WAGENI NAYO

Wala asije mtu akadhani kwamba wale walioleta amri walikuja na wema mtupu. Tuipime mizani yao kama tulivyoipima yetu.

Kwanza, amri ya 1897 haikuwaweka watu huru siku ile. Mtumwa ilimlazimu aende mwenyewe mahakamani akaombe. Pili, fidia ililipwa, lakini alilipwa bwana. Yule aliyefanya kazi maisha yake yote hakupewa hata pesa moja. Tatu, aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujilisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Ardhi hakuwa nayo, kwa hiyo wengi walibaki pale pale shambani, wakaafikiana kumfanyia kazi bwana siku kadhaa kwa juma ili waachiwe kibanda na kijiplau cha kulima. Serikali iliiogopea karafuu, kwani mapato yake yalitoka humo. Nne, masuria hawakuguswa na amri ile. Walingoja mpaka mwaka 1909.

Basi hapa pia uliupata uhalali bila ya ihsani. Mtu aliambiwa, "Wewe u huru," naye hana shamba, hana mtaji, hana wa kumdhamini. Sheria ilimtoa utumwani ikamwacha mlangoni.

WALIOTANGULIA KUFIKIRI

Huenda msomaji akasema kwamba watu wa zama zile wasilaumiwe, kwani hapana aliyewazindua. Hilo si kweli.

Mwaka 1615 Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu, mwanachuoni ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuchukuliwa mateka hadi Marrakesh, aliulizwa na watu wa Tuwat juu ya watu weusi walioletwa kuuzwa. Alijibu kwamba weusi si sababu ya utumwa, na kwamba aliyekuwa Mwislamu kabla ya kutekwa hafai kumilikiwa kabisa. Aliwatoa wanunuzi katika ule usingizi wa kununua bila ya kuuliza.

Na huko Tunis, Ahmad Bey alifunga soko la watumwa mwaka 1841, na mwezi wa Januari 1846 akauondoa utumwa katika nchi yake. Hiyo ni miaka miwili kabla ya Ufaransa kuuondoa katika makoloni yake, na karibu miaka ishirini kabla ya Marekani. Sikiliza hoja aliyowaandikia wanavyuoni. Alisema kwamba wengi katika wale watumwa haijulikani kama walitekwa kwa njia ya halali, na kwamba mabwana zao hawazitimizi zile haki ambazo sheria imewashurutisha. Basi ruhusa iliyovunjwa masharti yake haibaki kuwa ruhusa. Mufti wa Kihanafi na Mufti wa Kimaliki walimuunga mkono. Kweli, hata huko ilibidi amri ikaririwe mwaka 1890, kwani mioyo haikuitii kalamu mara moja. Lakini hoja ilisimama, nayo ilitoka ndani ya fiqhi yetu wenyewe.

Hili ndilo lililokosekana kwetu. Maarifa hayakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya tajiri akamuuliza: uliyemnunua, alifikaje sokoni?

MNYORORO USIOONEKANA

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu sisi tulio hai. Amri zilipokwisha kutoka, mabwana wengi walisema kwamba uhuru wa serikali si uhuru mbele ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa mwenye mali hakuridhia. Hata baadhi ya walioachwa huru waliingiwa na wasiwasi huo, wakarudi kwa mabwana zao kuomba waachwe kwa ulimi, ili ndoa zao na ibada zao zisiwe na shaka. Fikiri, ndugu yangu! Mtu aliyeibwa kwao, asiyepasa kumilikiwa tangu mwanzo, anamwendea mwenye kumdhulumu kumwomba ruhusa ya kuwa mtu.

Wafu wale wote wamekwenda kwa Mola wao, naye ndiye ajuaye hisabu yao. Lakini maneno yao hayakufa. Utasikia mpaka leo, kijana anapopeleka posa, mtu wa nyumba ile akinong'ona: "Asili yao wamjua?" Kijana ana dini, ana tabia, ana kazi ya halali. Baba wa babu yake alikuwa mtwana wa fulani, na hilo latosha kuirudisha posa. Wakiulizwa, hujibu kwamba wao wanafuata sheria, kwani kafaa imo vitabuni.

Naam, kafaa imo vitabuni. Lakini soma kitabu chote, usisome mstari mmoja. Kafaa ni haki ya mwanamke na mawalii wake, nao waweza kuisamehe. Ndoa iliyofungwa kwa ridhaa yao ni sahihi. Ni ruhusa, si faradhi. Na Mtume (S.A.W.) alilifanya nini? Alimwoza Bibi Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi lake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Bibi Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na wakubwa, Mtume alimshauri aolewe na Usama, mwana wa huyo huyo Zayd. Na Abu Dharr (R.A.) alipomtukana mtu kwa ajili ya mamake, Mtume alimwambia kwamba bado anayo ndani yake mambo ya ujahili, kisha akawafunza kwamba watumwa ni ndugu, walishwe wanachokula mabwana na wavishwe wanachovaa. Tangu siku ile Abu Dharr alionekana amevaa sawa na mtumishi wake.

Hapana mahakama, si ya kadhi wala ya serikali, iwezayo kukushitaki kwa kuirudisha posa ile. Sheria haikufikii hapo. Hapo yakufikia Sura ya Al-Hujurat, isemayo kwamba aliye mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni amchaye zaidi.

Tena, mama mwenye nyumba na baba mwenye nyumba, mtazame yule binti aliyeletwa kutoka shamba akufanyie kazi. Leo hakuna nchi ya Kiislamu ambayo sheria yake inauruhusu utumwa. Saudia iliufuta mwaka 1962, Oman mwaka 1970, na Mauritania mwaka 1981. Kwa karatasi, yule binti ni huru. Lakini je, analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Anakula mlichokula, au anangoja yatakayobaki? Mshahara wake unautoa kabla jasho halijakauka, au unamwambia "nakuwekea" mpaka asahau hisabu? Na wewe uliye Ughaibuni kwenye nchi za Ghuba, unayemshikia paspoti mtumishi wako, umeshika kitabu tu au umeishika shingo yake? Nasi huwa twawalilia wana wetu wanaofanyiwa hayo huko. Basi tusiwafanyie wana wa wenzetu hapa.

Ndugu msomaji, sheria ni lazima iwepo. Bila ya sheria mnyonge hana pa kukimbilia, na lau amri zile zisingetoka, soko lingeendelea. Lakini sheria ni kiwango cha chini ambacho mtu akishuka chini yake huadhibiwa. Aliyesimama juu ya kiwango hicho na akaona amefika, hakuufahamu Uislamu. Kadhi hataingia chumbani mwako kuuliza binti yule amelala wapi. Atakayeuliza hasinzii wala halali.

Kwa hiyo tufanye matatu. Moja, tuwafunze watoto historia hii kwa ukweli wake, pasina kuwatukuza wazee kwa lisilokuwepo na pasina kuwakubalia maadui kwamba dhulma ile ndiyo dini. Mbili, tuyaondoe majumbani mwetu yale maneno ya kutiana aibu kwa asili. Tatu, ikija posa ya mwenye dini na tabia, tumtazame yeye, tusimtazame babu wa babu yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waungwana kwa vitendo, atusamehe sisi na waliotutangulia, na awape malipo mema wale waliodhulumiwa ambao majina yao hakuna ayajuaye ila Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.